Nani Alilipa? Weusi, Wazungu na Ujenzi wa Shule za Rosenwald Kusini mwa Marekani

Hesabu ya shule iliyojengwa mwaka 1913 katika kijiji cha Loachapoka, Kaunti ya Lee, jimbo la Alabama, ni fupi. Wanakijiji Weusi walichanga dola 150 za kununulia kiwanja, kisha wakafanya kazi ya mikono iliyothaminiwa kuwa dola 132.50. Wazungu wa eneo hilo walitoa dola 360. Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago aliyekuwa akiongoza kampuni ya Sears, Roebuck, alitoa dola 300. Kwa jumla ya dola 942.50 ikasimama shule ya mwalimu mmoja, na hiyo ndiyo iliyofungua mradi ambao, hadi ulipofungwa mwaka 1932, ulikuwa umejenga shule 4,977 za watoto Weusi katika majimbo 15.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama habari ya urafiki wa watu wawili: Rosenwald, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Ujerumani, na Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani na baadaye kukiongoza Tuskegee, chuo cha Weusi huko Alabama. Urafiki huo ulikuwepo, wala hauna haja ya kubezwa. Hata hivyo, anayesoma hesabu ya Loachapoka kwa makini ataona kwamba waliohusika walikuwa wengi zaidi, kwamba kila upande uliingia kwa sababu zake, na kwamba neno “ushirikiano” lilificha tofauti kubwa ya nguvu kati ya waliokaa meza moja. Ili kuelewa jinsi mpango huo ulivyofanya kazi, na kwa nini uliacha uchungu pamoja na faida, inafaa kufuata mambo mawili: fedha ilitoka mfukoni mwa nani, na hati ya kiwanja ilibaki mkononi mwa nani.

Kwanza sheria. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, kwamba kuwatenga watu kwa rangi hakuvunji katiba mradi huduma zinazotolewa ni sawa. Jinsi sharti hilo la usawa lilivyokuwa jepesi ilidhihirika miaka mitatu tu baadaye. Halmashauri ya elimu ya Kaunti ya Richmond, Georgia, ilifunga shule ya sekondari ya Weusi mjini Augusta huku ikiendelea kugharamia elimu ya sekondari ya Wazungu. Wazazi Weusi wakashtaki, na mwaka 1899 majaji wote wakawakatalia. Aliyeandika hukumu hiyo ni John Marshall Harlan, jaji yuleyule aliyekuwa peke yake katika kuipinga hukumu ya Plessy. Kuanzia hapo ilieleweka kwamba mahakamani hapakuwa na msaada.

Katika siasa hali ilikuwa hiyohiyo. Kati ya mwaka 1890, Mississippi ilipotangulia, na mwaka 1908, Georgia ilipofuata, majimbo ya Kusini yaliandika upya katiba na sheria zao za uchaguzi kwa kodi za kura, mitihani ya kusoma na hila nyingine, hata Weusi wengi wakafutwa katika orodha za wapigakura. Asiye na kura hana wa kumwakilisha kwenye halmashauri ya shule. Alabama ilikuwa imekwisha kupitisha sheria mwaka 1891 iliyowapa wadhamini wa shule wa kila eneo uhuru wa kugawa fedha za jimbo walivyoona inafaa. Fedha hizo zilikokotolewa kwa idadi ya watoto wote, Weusi na Wazungu pamoja, lakini zilipofika mashinani ziligawiwa na wadhamini Wazungu. Matokeo yake, katika kaunti zenye mashamba makubwa ya pamba na watoto Weusi wengi, kila mtoto Mweusi aliyeorodheshwa aliongeza fedha za shule za Wazungu. Yeye mwenyewe alisomea kanisani, katika ukumbi wa chama au katika kibanda kilichovuja, kwa miezi michache ambayo pamba haikuhitaji mikono.

Hapo ndipo mpango wa Tuskegee unapoeleweka. Rosenwald na Washington walikutana mwaka 1911, na mwaka uliofuata Rosenwald akajiunga na bodi ya Tuskegee. Alipotimiza miaka 50, mwaka huohuo wa 1912, alitoa dola 25,000 za kusaidia vyuo vilivyofuata mfano wa Tuskegee. Zilipobaki dola 2,100, Washington aliomba ruhusa ya kuzitumia kujenga shule sita ndogo vijijini Alabama. Mawazo hayo yalikuwa yakipikwa pia na Clinton J. Calloway, mkuu wa idara ya Tuskegee iliyohudumia vijiji, mtu ambaye jina lake hutajwa mara chache kuliko inavyostahili.

Masharti ya mpango ndiyo kiini chake. Mfadhili hakutoa shule kama sadaka. Alitoa sehemu tu, na kijiji kilitakiwa kuchanga angalau kiasi kinacholingana, kwa fedha taslimu, mbao, ardhi au nguvukazi. Halmashauri ya kaunti ilitakiwa kuikubali shule kuwa mali ya umma, kuilipia mwalimu na kuitunza. Kiwanja na jengo viliandikishwa kwa jina la mamlaka ya elimu ya umma. Sharti hilo la mwisho ndilo lililobeba mengi. Weusi walikuwa wakijijengea shule tangu utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, nyingi zikiwa za kanisa au za watu binafsi, na kaunti ilizitazama kwa mbali. Mpango wa Rosenwald uliisogeza kaunti hatua kwa hatua, hadi mtoto Mweusi wa kijijini akaandikwa kwenye bajeti ya serikali. Mkono mtupu haulambwi, na Weusi waliokuwa wamenyang’anywa kura walikwenda kwa ofisa wa elimu wakiwa wameshika ahadi ya hundi kutoka Chicago na mchango ambao tayari ulikuwa umekusanywa.

Wazungu waliokubali walikuwa na sababu mbalimbali, na si busara kuwachanganya wote katika kundi moja. Wamo waliosukumwa na dini na dhamiri. Wamo maofisa wa elimu waliochukizwa, kama wataalamu, na shule zisizostahili kuitwa shule. Wamo pia wenye mashamba ambao, kuanzia mwaka 1916 hivi, waliwaona wafanyakazi wao wakipanda treni kwenda Chicago na Detroit, wakatambua kwamba familia zilihama pia kwa kuwatafutia watoto elimu. Kwao shule ilikuwa njia ya kuzuia watu wasiondoke. Baada ya machafuko ya rangi ya mwaka 1919 iliundwa mjini Atlanta Tume ya Ushirikiano wa Rangi, chini ya mchungaji Mzungu Will W. Alexander, nayo ikaanzisha kamati za kaunti ambamo Wazungu na Weusi wenye heshima zao walikutana kuzungumzia shule, barabara na mauaji ya watu bila kesi. Kamati hizo ziliweza kuzungumza mengi, ila haikuwa kawaida kuuliza kama utengano wenyewe ni halali. Huo ulikuwa mpaka wa mazungumzo yote, na kila aliyeingia aliujua.

Mfano ulio wazi zaidi wa kazi hii mashinani unatoka Virginia, na ulianza kabla ya fedha za Rosenwald. Virginia Estelle Randolph, binti wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, alianza kufundisha mwaka 1892 katika shule ya chumba kimoja ya Mountain Road, Kaunti ya Henrico, nje ya Richmond. Alikarabati uwanja wa shule, akapaka chokaa kuta, akawafundisha watoto kushona, kupika na kusuka pamoja na kusoma na kuhesabu, akawatembelea wazazi nyumbani. Baadhi ya wazazi hawakupendezwa: walitaka watoto wao wapate vitabu, si jembe na sindano ambazo walikuwa nazo tayari. Lalamiko hilo litarudi mbele. Msimamizi wa elimu wa kaunti, Jackson Davis, Mzungu kijana, aliona kazi hiyo na kutamani ienee katika shule zote za Weusi chini yake.

Nafasi ilipatikana kupitia Anna T. Jeanes, bibi wa madhehebu ya Waquaker kutoka Philadelphia, ambaye mwaka 1907, muda mfupi kabla ya kufariki, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za vijijini za Weusi. Bodi ya mfuko huo ilikuwa na wajumbe Weusi na Wazungu, jambo lisilo la kawaida kwa wakati ule, na rais wake alikuwa James H. Dillard. Davis aliomba mshahara wa msimamizi. Mwaka 1908 Randolph akawa mwalimu msimamizi wa kwanza wa Jeanes. Mwaka huohuo yeye na wanafunzi wake walipanda miti 12 kuzunguka shule katika sherehe ya upandaji miti. Ripoti yake ya mwaka wa kwanza ilichapishwa na kusambazwa kote Kusini, na utaratibu wake ukaigwa katika kaunti nyingi.

Mwalimu wa Jeanes alikuwa mtu wa katikati kwa kila maana. Alilipwa kwa sehemu na mfuko na kwa sehemu na kaunti. Aliripoti kwa msimamizi Mzungu huku akiwajibika kwa wazazi Weusi waliomwona kila wiki. Wengi wa walimu hawa walikuwa wanawake. Barabara zilikuwa mbovu, shule zilitawanyika, na kazi ilijumuisha kuwafunza walimu wasio na mafunzo, kuanzisha vyama vya wazazi, kuhubiri usafi wa visima na vyoo, kukusanya michango, halafu kwenda ofisini kwa msimamizi na kuomba kwa lugha ambayo haikumkera. Katika kaunti nyingi, mtu aliyeendesha shule za Weusi kwa vitendo alikuwa mwanamke huyu, ingawa sahihi kwenye nyaraka ilikuwa ya mwingine. Fedha za Rosenwald zilipofika, mara nyingi ni yeye aliyejua kijiji kipi kiko tayari. Mwaka 1910 Davis alipandishwa kuwa ofisa wa jimbo zima anayeshughulikia shule za Weusi, akilipwa na Bodi Kuu ya Elimu iliyoanzishwa kwa fedha za Rockefeller. Majimbo mengine ya Kusini yakaweka maofisa kama yeye, takriban wote Wazungu, wakisaidiwa na mawakala Weusi waliozunguka vijijini.

Mmoja wa mawakala hao, M. H. Griffin wa Alabama, aliandika taarifa juu ya mkutano wa kuchangia shule huko Boligee, Kaunti ya Greene. Fukusi wa pamba walikuwa wameharibu mavuno na watu hawakuwa na kitu. Mzee mmoja aliyewahi kuuona utumwa alitoa mfukoni kifuko kikuukuu kilichojaa uchafu wa mafuta, akamwaga sarafu mezani: dola 38, akiba yake yote. Alitaka watoto wa wajukuu zake wapate nafasi. Kwingine wanawake waliuza kuku na vyakula vya karamu, wenye misitu walikata miti ya mbao, na wakulima wengine walitenga kipande cha shamba la pamba ambacho mavuno yake yalikuwa ya shule. Nani aliyekulia Afrika Mashariki asiyeitambua harambee hapo? Tofauti ni kwamba hawa waliochanga walikuwa wakilipa kodi ya serikali kama kila mtu, na kodi hiyo ilikwisha kwenda kujenga shule za wengine.

Hesabu za mwisho zinalisema hilo bila kupamba. Hadi mwaka 1932 yalikuwa yamejengwa majengo 5,357, yaani shule pamoja na nyumba 217 za walimu na karakana 163, katika kaunti 883. Gharama yote ilikuwa dola 28,408,520. Katika hizo, mfuko wa Rosenwald ulitoa dola 4,364,869, sawa na asilimia 15 hivi. Michango ya Weusi wenyewe ilifikia dola 4,725,871, ikiuzidi mchango wa mfadhili. Wazungu binafsi walitoa dola 1,211,975, kama asilimia 4. Zilizobaki, dola 18,105,805, zilitoka katika kodi. Kwa hiyo shule zinazoitwa kwa jina la Rosenwald zilijengwa kwa kiasi kikubwa zaidi na umma, na wanahistoria husema kwa haki kwamba Weusi walitozwa mara mbili: kodi kwanza, kisha mchango juu yake. Wakati huohuo, zile milioni 18 za kodi ndizo ushahidi mzuri zaidi kwamba mtego wa Washington ulinasa. Bila dola 300 za kutangulizia, sehemu kubwa ya fedha hiyo isingekwenda kwa watoto Weusi kamwe. Mambo haya mawili ni ya kweli kwa pamoja, na anayelitaja moja na kuliacha jingine hajaeleza kisa.

Majengo yenyewe yalifikiriwa vizuri. Ramani za kwanza zilitoka Tuskegee, kwa Robert R. Taylor, msanifu majengo Mweusi aliyehitimu katika taasisi ya teknolojia ya Massachusetts, MIT, mwaka 1892. Vijijini hapakuwa na umeme, hivyo shule iligeuzwa ili madirisha makubwa yatazame mashariki au magharibi, na madawati yakapangwa mwanga umwangukie mwanafunzi kutoka kushoto, kivuli cha mkono wake wa kulia kisiangukie daftari. Baada ya mwaka 1920 ofisi ya mpango ilihamishiwa Nashville chini ya Samuel L. Smith, na ramani zake zikawa maarufu kiasi kwamba shule nyingi za Wazungu zilijengwa kwazo pia. Kuna kejeli ndani yake: shule ya Weusi ikawa kielelezo, na kuna mahali Wazungu walinung’unika kwamba jengo la Weusi lilikuwa zuri kuliko lao. Baadhi ya shule zilichomwa moto, na wanakijiji wakaanza kuchanga upya.

Upinzani ulitoka pia upande wa Weusi, na ulikuwa na hoja. Mwanazuoni Mweusi W. E. B. Du Bois alilalamika kwamba wafadhili wa Kaskazini walipenda elimu ya ufundi wa mikono kwa sababu haikutikisa mpangilio wa Kusini: ilitoa wafanyakazi bora, si raia. Alikosoa vikali ripoti kubwa ya mwaka 1917 kuhusu elimu ya Weusi iliyoandikwa na Thomas Jesse Jones wa mfuko wa Phelps-Stokes. Karakana zilizojengwa kando ya shule za Rosenwald zilitokana na falsafa hiyohiyo, na wale wazazi wa Mountain Road walikuwa wameliona tatizo kabla ya wasomi. Darasani, hata hivyo, mambo hayakufuata mipango ya wafadhili. Wazazi walidai kusoma, na walimu wengi walifundisha kusoma.

Jones huyohuyo alikuja kwetu. Mwaka 1924 aliongoza tume ya Phelps-Stokes Afrika Mashariki, akiwa pamoja na James Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast (Ghana ya leo) aliyefundisha miaka mingi North Carolina. Mwaka 1925 ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, Shule ya Jeanes, chini ya James Dougall na kwa msaada wa shirika la Carnegie la Marekani, kufundisha walimu wa kuzungukia shule za vijijini pamoja na wake zao. Utaratibu ulivuka bahari, mazingira hayakuvuka. Randolph alikuwa mwanakijiji aliyefanya kazi kwanza na kutambuliwa baadaye, ilhali Kabete iliteremshwa kutoka juu, katika koloni ambalo Waafrika wengi tayari walishuku kwamba elimu ya “kuwafaa” ilikuwa elimu ya kuwazuia. Mbiyu Koinange, aliyepelekwa kusoma Hampton, Virginia, chuo alichosomea Washington, alirudi Kenya na kuongoza chuo cha walimu cha Githunguri kilichofunguliwa mwaka 1939 kwa michango ya wananchi, nje ya mikono ya wamisionari na serikali. Githunguri ilibaki mali ya waliochanga hadi serikali ya kikoloni ilipoifunga mwaka 1952. Kwa namna fulani ni jibu la pili kwa swali lilelile la hati ya kiwanja, na lilikuwa na gharama yake.

Je, shule za Rosenwald zilisaidia? Kufikia mwaka 1928 thuluthi moja ya watoto Weusi wa vijijini Kusini walikuwa wakisoma humo. Wachumi wa Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya Chicago waliofuatilia takwimu za sensa walikuta kwamba pengo la miaka ya shule kati ya Weusi na Wazungu waliozaliwa Kusini lilipungua sana kati ya vita viwili vya dunia, na kwamba shule hizi zilichangia sehemu kubwa ya kupungua huko. Mshairi Maya Angelou alisoma katika mojawapo huko Stamps, Arkansas. John Lewis, aliyekuja kuwa kiongozi wa harakati za haki za kiraia na mbunge, alisoma katika nyingine huko Kaunti ya Pike, Alabama. Wenye mashamba waliounga mkono shule ili kuzuia watu wasihame walipata hasara: elimu iliwapa vijana uwezo wa kuondoka, na waliobaki walipata uwezo wa kudai.

Mwaka 1954 Mahakama ya Juu iliufuta utengano mashuleni. Katika kaunti nyingi utekelezaji ulichelewa kwa muongo na zaidi, na ulipokuja ulifuata njia moja: watoto Weusi walihamishiwa shule za Wazungu, na shule za Weusi zikafungwa. Walimu wakuu Weusi walishushwa vyeo au kuachishwa kazi, walimu wengi vilevile. Majengo yalikuwa mali ya kaunti kwa mujibu wa lile sharti la hati, kwa hiyo halmashauri ziliyauza, kuyabomoa au kuyageuza maghala bila kuwauliza waliotoa viwanja. Mwaka 2002 taasisi ya taifa ya uhifadhi wa historia iliziingiza shule za Rosenwald katika orodha yake ya maeneo 11 yaliyo hatarini zaidi nchini Marekani.

Katika Kaunti ya Bartow, Georgia, shule ya Noble Hill, iliyojengwa mwaka 1923, ilifungwa mwaka 1955. Miongoni mwa waliosoma hapo alikuwa Susie Wheeler, ambaye baadaye alikuwa mwalimu msimamizi wa Jeanes katika kaunti hiyohiyo. Yeye na wenzake walianza kukusanya fedha za kuirudishia hali yake, na mwaka 1989 jengo likafunguliwa kuwa makumbusho ya historia ya Weusi wa eneo hilo. Safari hii halmashauri ya elimu haikuwa mmiliki.